Fundi wa Risasi na Kipuli cha Dhahabu

Silvanus alikuwa mtia mafuta wa taa katika stesheni ya Voi. Yeye mwenyewe alijiita fundi. Kila alasiri alizunguka na debe lake, akajaza taa za ishara, akapangusa vioo, na taa ilipotoboka aliziba tundu kwa risasi iliyoyeyushwa. Hayo ya kuziba matundu ndiyo yaliyomharibu. Mfunze mtu wa aina ile kuziba tundu moja, na kabla mwezi haujaandama atakuambia yeye ni sonara.

Na akawa sonara kweli, kwa maana ya kwamba alikuwa na meza. Ilikuwa meza moja ya mbao katika chumba kimoja cha nyumba za reli, na juu yake familia ilikula ugali, watoto waliandika masomo, na Silvanus alitengeneza alichokiita vito. Ilijaa madoa meusi ya kuungua kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Ukialikwa chakula pale, ulipangusa kwanza vipande vya waya mbele yako, kisha ukaomba Mungu usimeze kimoja.

Vifaa vyake vyote vilikuwa vya reli, ila reli haikujua. Shaba aliitoa kwenye taa zilizokufa. Risasi ilitoka kwenye mche aliopewa wa kuzibia matundu. Tundu lililohitaji tone moja liliandikiwa matone manne, na matatu yakaenda nyumbani mfukoni. Kioo chekundu cha taa ya ishara kikivunjika, kilikuwa yakuti. Cha kijani kilikuwa zumaridi. Nimewaona wasichana wa shamba la mkonge wakienda kanisani wamening'iniza masikioni ishara ya kusimamisha treni ya mizigo, na wakijiona malkia.

Namna yake ya kazi ilikuwa hii. Anakata ukanda mwembamba wa shaba, anauzungushia mpini wa bisibisi mpaka ncha zikutane. Anapaka maungio maji makali kwa unyoya wa kuku. Kisha anatoa chuma chake cha kulehemia kwenye jiko, anagusa risasi, anagusa shaba, tss, moshi unampanda puani, anakohoa, anapiga tupa mara tatu, anasugua kwa jivu na ndimu. Dakika kumi. Inatoka pete inayong'aa kama jicho la mwongo. Baada ya wiki mbili kidole cha mnunuzi kinageuka kijani.

Hapo ndipo ungejua kipaji chake hasa kilikuwa wapi. Siku moja alikuja msichana wa shambani, amekasirika, kidole juu.

"Fundi, tazama. Kimekuwa kama jani la kunde."

Silvanus akakishika kile kidole, akakigeuza, akatikisa kichwa kama daktari.

"Unakula nini wewe?"

"Ugali na kunde. Nile nini kingine?"

"Basi! Umejisemea mwenyewe. Dhahabu haipatani na kunde, dada. Damu yako ni chafu, na dhahabu inauvuta uchafu nje. Ungevaa shaba usingeona kitu. Nenda kanywe shubiri siku saba."

Yule msichana akaenda, akanywa shubiri siku saba, akaharisha siku sita, akarudi kununua bangili. Mimi simlaumu Silvanus peke yake. Mwongo hawezi kuishi mahali wasipomlisha.

Mkewe alikuwa Mutindi, Mkamba wa upande wa Kibwezi, mwanamke wa maneno machache. Baba yake, mzee Kitheka, alikuwa mfua mikufu. Alivuta waya wa shaba mpaka ukawa mwembamba kama uzi, akauviringisha, akaukata vijipete vidogo kuliko punje ya mtama, akavifungamanisha kimoja ndani ya kingine bila moto wala risasi, mpaka mkufu ukateleza mkononi kama maji. Mutindi alivaa mmoja shingoni, na alijua kuutengeneza, kwa sababu mzee hakuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa na macho mazuri. Silvanus alikuwa akiwaonyesha wageni ule mkufu kwa ncha ya koleo, akicheka: "Mwezi mzima kwa mkufu mmoja! Mimi ningeupiga risasi ukaisha kabla chai haijapoa." Mutindi aliendelea kuchambua mchele.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa Elsie. Mwaka wa hamsini na tano alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza darasa la sita, anashona magauni kwa cherehani ya kuazima, na akachumbiwa na mwalimu. Si mwalimu wa kujisifu tu. Mwalimu wa shule, mwenye chaki, Timotheo wa Mbololo, kule milimani. Sisi wa nyumba za reli tulishangaa. Tulimwangalia Silvanus, tukamwangalia Elsie, tukasema kweli mbegu nzuri huweza kuota hata kwenye jalala.

Mambo yote ya uchumba yalikwenda sawa mpaka siku mama yake Timotheo aliposhuka Voi kwa lori la mboga. Mama huyu aliitwa Loise. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwimbaji wa kanisa, na alipoketi kwenye kiti cha watu alikaa wima kama anapigwa picha. Alikunywa chai yake yote kwanza. Kisha akafungua pindo la leso yake, fundo juu ya fundo, akatoa kitu, akakiweka mezani katikati ya madoa.

Kilikuwa kipuli kimoja cha duara, cha dhahabu. Dhahabu ya kweli. Hata mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na kandili letu bovu mkononi, nikingoja lizibwe, nilijua. Vitu vyote vya Silvanus vilivyokuwa juu ya meza ile vilionekana ghafla kama vifuniko vya chupa.

"Nilimlea mtoto wa Mhindi mmoja hapa Voi, miaka mitatu," alisema Loise. "Mama yake alipopoteza kimoja, akanipa hiki. Sijakivaa. Nilikuwa nakiweka kwa ajili ya siku hii."

"Siku hii," alisema Silvanus.

"Sikiliza, mkwe. Enzi zetu kanisa la huko juu lilikuwa na pete moja. Moja tu, ya watu wote. Ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai. Ukiolewa unavishwa, ukimaliza kutia dole gumba kitabuni, unavuliwa, inarudi koponi kungoja mwenzako. Mimi ilinibana. Walinivua kwa sabuni, sijatoka hata mlangoni, na bibi harusi aliyenifuata amesimama pale anakitazama kidole changu. Nilikwenda nyumbani kwa mume wangu nanuka sabuni ya kufulia."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka, nikajizuia.

"Nikaapa," aliendelea Loise, "mke wa mwanangu atatoka kanisani na pete yake mwenyewe, iliyotoka mkononi mwangu. Nimesikia wewe ni sonara. Kipuli hiki kimeshakuwa duara. Kifunge tu ncha zake, kiwe pete ya Elsie. Kikiwa pete, harusi ni Agosti. Kisipokuwa, mimi kanisani sitasimama, na Timotheo ameniahidi hataoa nisiposimama. Unaweza au huwezi?"

Hapo palikuwa na mlango mpana wa mtu mwenye akili kutokea. Angesema tu: mkwe, mimi naziba taa. Mombasa kuna masonara, treni inapita hapa kila siku. Silvanus akavuta kifua mbele.

"Mkwe, umefika. Dhahabu ni kitu changu cha kila siku."

Maisha yake yote hakuwahi kugusa dhahabu, labda ya jino la stesheni masta, na hiyo ni kama aliwahi kumpiga.

Loise alipoondoka, Elsie alikitazama kile kipuli bila kukigusa. "Baba, utaweza?"

"Mimi? Kufunga tu ncha mbili?"

Mutindi akasema, bila kuinua macho, "Usikitie moto, Baba Elsie. Zipitishe ncha zikutane, uzifunge kwa waya mwembamba. Baba yangu alifunga hivyo. Mimi mwenyewe naweza kukufungia."

"Kazi ya babu zako hiyo. Huyu ni mwalimu anaoa, si mchunga mbuzi. Hapa panatakiwa kulehemu."

Akalehemu Jumapili, Elsie akiwa kwaya. Mimi nilikuwapo, kwa sababu lile kandili letu lilikuwa bado halijazibwa, na kwa Silvanus ukitaka kitu kizibwe ulikaa pale pale kama mgonjwa.

Akazikutanisha ncha kwa koleo, akapaka maji makali, akagusa risasi. Ikashika. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na uso ukamshuka. Pete yote ilikuwa ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji, ila pale kwenye maungio palikuwa na kovu la kijivu, kama jino bovu katika kicheko cha msichana.

"Itasuguliwa," alisema.

Akasugua. Kijivu kikabaki kijivu. Akakwangua. Kikabaki.

"Basi itaingia ndani," alisema. "Nitaipa moto zaidi, risasi izame, dhahabu ije juu."

Nani alimwambia dhahabu huja juu? Hakuna. Lakini katika kazi yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kitu, ndiyo sababu aliipenda. Akaiweka pete juu ya makaa, akachukua mrija wake wa kupulizia, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

Mutindi aliacha mchele. "Itoe, Baba Elsie."

"Nyamaza, mama, inazama."

Ilikuwa inazama kweli. Dhahabu inaweza kukaa na moto, na inaweza kukaa na maji. Risasi ndiyo adui yake. Sonara yeyote wa Mombasa, hata mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza, angekwambia usizikutanishe kwenye moto, kwa sababu risasi huila dhahabu kama mchwa. Silvanus alilijua hilo siku ile, kwa macho yake. Lile kovu likatokwa jasho. Likaenea. Ubavu wa pete ukajikunja, ukafanya matundu, na alipoushika kwa koleo ukamong'onyoka kama biskuti iliyochovywa chaini. Karibu robo ya duara ilianguka ndani ya jivu, kijivu na chakavu.

Makaa yalikuwa yanalia polepole.

Kisha Silvanus akasema neno ambalo nitalikumbuka mpaka nife. Akasema, "Dhahabu mbovu. Yule Mhindi alimdanganya."

Akanigeukia. "Kijana, wewe hujaona kitu."

"Sijaona, fundi."

Akaniziba kandili bila kunitoza, na siku ya pili likavuja.

Jioni ile ile alikata shaba ya taa, akaifanya ukanda, akauzungushia bisibisi. Ilikuwa pete ya tatu ya siku hiyo, maana tayari alikuwa ametengeneza nyingine mbili za watu. Akaisugua hii zaidi ya desturi, akaipaka vanishi, akaifunga katika pamba.

Elsie aliporudi alifunua ile pamba, akaifunika tena. "Baba, hii siyo."

"Ndiyo yenyewe. Imesafishwa."

"Nimekula juu ya meza hii tangu niote meno. Nisiijue shaba yako?" Akamtazama mama yake, na mama yake akalitazama lile jiko la makaa. Ndivyo alivyojua. Hakulia. Aliketi kitandani akaweka mikono mapajani. "Nikimwambia mama Timotheo, harusi hakuna. Nikinyamaza, nitaingia nyumba ya watu na uongo kidoleni. Baba, umwambie wewe. Tukipanda Mbololo Jumamosi, kabla ya kitu chochote, umwambie. Labda atahurumia."

"Nitamwambia," alisema Silvanus. "Kwa wakati wake."

Wakati wa Silvanus ulikuwa kama treni ya mizigo: unaambiwa inakuja.

Jumamosi tukapanda, Silvanus, Mutindi, Elsie na mimi. Mimi nilibeba sukari na majani ya chai, maana mtu hapandi kwa wakwe mikono mitupu na Silvanus hakuwa mtu wa kubeba. Alivaa koti la reli lenye vifungo, akatembea mbele akieleza habari za vito kwa kila aliyekutana naye njiani. Mara mbili Elsie alimvuta mkono. "Baba, utasema?" Mara mbili akajibu, "Kwa wakati wake, mwanangu, acha haraka."

"Kwawuka mana!" walitusalimu kina mama mlangoni kwa Kitaita, na tukaingizwa ndani ambako moto ulikuwa unawaka katikati ya mafiga, kwa maana huko juu mwezi wa saba baridi haina adabu. Timotheo alikuwapo, amevaa tai, anatabasamu kama mtu asiyejua anaibiwa. Kina mama wa kanisa walikuwa wanne au watano. Na alikuwapo Mwalimu Zephaniah, mwinjilisti wao, mzee mfupi mwenye sauti ndefu.

Loise akanyoosha mkono. Silvanus akaangalia huku, akaangalia kule, akamwona binti yake anamtazama. Akaitoa pamba, akampa.

Sikusema neno, na ninajiona mpumbavu mpaka leo, lakini si mimi niliyekuwa namwoza mtu.

Loise aliifungua, akaishika kwa vidole viwili. Macho yake hayakuwa mazuri tena, na nyumba ilikuwa na moshi. Aliona kitu cha manjano chenye duara. "Imekuwa pete," alisema. "Jamani, imekuwa pete." Akawapa kina mama wakaizungusha, wakaguna, wakapiga vigelegele. Silvanus akaanza kutabasamu. Hapo nilimchukia hasa. Alikuwa anapokea sifa!

Mwalimu Zephaniah akaombwa aombe. Maskini yule mzee hakuwa na ubaya. Alikuwa na hubiri moja tu la harusi, na lilihusu dhahabu. Alisema ndoa ni kama dhahabu: mti ukitiwa motoni huwa jivu, udongo hupasuka, lakini dhahabu huingia motoni ikatoka safi zaidi ya ilivyoingia. Alisema kwa nusu saa. Kina mama walisema amina. Na watu wa milimani wana tabia yao: wakisikia hubiri, wanalitenda. Ukihubiri kwao juu ya kuosha miguu, leta beseni.

Loise akasimama, machozi yanamtoka. "Mwalimu amesema kweli. Pete hii imekaa gizani katika leso yangu miaka kumi na sita. Na ipite motoni mbele ya mashahidi, iingie kanisani ikiwa safi."

Akachukua kigae, akavuta makaa kando ya figa.

"Mkwe!" Silvanus aliruka. "Mkwe, hakuna haja, nimeshaisafisha mimi, kwa dawa ya..."

"Kwani dhahabu inaogopa moto?"

"Haiogopi, lakini..."

"Basi keti, mkwe. Unazuia mwangaza."

Akaketi. Angesema wakati ule, bado angeokoa kitu. Elsie alikuwa amefumba macho. Loise akaiweka pete juu ya makaa kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto, na kina mama wakaanza wimbo.

Ubeti wa kwanza, vanishi ikashika moto, ukatoka moshi mweusi wenye harufu ya karakana. Sauti mbili zikaacha kuimba. Ubeti wa pili, pete ikageuka kahawia. Wa tatu haukufika mwisho. Maungio yakang'aa kidogo, tone moja la risasi likateleza likaanguka kwenye jivu kama chozi la kuku, na pete ya bibi harusi ikafunguka, taratibu, ikapanua mdomo mbele ya mashahidi.

Mwalimu Zephaniah alikuwa bado ameinua mikono.

"Hii ni nini?" alisema Loise.

"Kuni," alisema Silvanus. "Kuni za huku juu, mkwe, zina moto mkali sana. Sisi kule chini tunatumia makaa ya..."

"Kuni hizi tunachomea mahindi."

"Au labda, unajua, dhahabu ikikaa gizani miaka mingi..."

"Baba Elsie." Loise hakuinua sauti. "Dhahabu yangu iko wapi?"

Na yule bwana, sonara, mwenye koti la vifungo, akatazama mlango. Aliupima. Nilimwona akiupima! Timotheo alikuwa amesimama kati yake na mlango, na sasa hakuwa anatabasamu.

Elsie akafumbua macho. "Mama," alisema, "kitoe."

Mutindi akafungua pindo la leso. Alitoa kisanduku cha kiberiti, akapiga magoti mbele ya Loise, akakifungua. Ndani mlikuwa na kile kilichobaki cha kipuli, duara lenye pengo, na vijichembe vya kijivu alivyookota jivuni kimoja kimoja. "Aliitia risasi," alisema. "Ilivunjika. Nilijua, na nikapanda mlima nikiwa nimenyamaza, kwa hiyo nami nimekukosea. Mtoto hana kosa. Alimwomba babake aseme mbele yako, mara mbili njiani, na kijana huyu ni shahidi."

Nikasema ni kweli. Lilikuwa neno langu la kwanza la maana mwaka ule.

Loise alikitwaa kisanduku. Nilidhani atakirusha. "Kilikuwa kizima," alisema. "Kilikuwa duara. Mtoto mdogo angekifunga kwa meno."

"Naweza kukifunga," alisema Mutindi. "Bila moto. Lakini kimepungua. Hakitaingia kidole chenyewe."

"Kifunge nione."

Mutindi akaomba kisu. Akakata ncha zilizoliwa na risasi mpaka akafika kwenye manjano safi pande zote mbili. Akakikunja kilichobaki juu ya ncha ya mwiko, polepole, akikisukuma kwa dole gumba. Kisha akavua ule mkufu wa baba yake, akafungua vijipete vya mwisho kimoja kimoja, akavinyoosha kuwa nyuzi fupi, akazungushia maungio, zunguko kando ya zunguko, mpaka usingeweza kupitisha ukucha. Kina mama wote walikuwa wameinama kumtazama. Hakuna aliyemtazama Silvanus. Hiyo ndiyo adhabu aliyoihisi, nadhani. Alikohoa mara mbili ili wamwone.

Loise aliichukua. Aliijaribu kwa jino. Akaivuta. Akaushika mkono wa Elsie, akaijaribu kidole cha pete: ikakwama kwenye fundo la kwanza. Akajaribu kidole kidogo. Ikaingia, ikakaa.

"Inakubana?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Itahitaji sabuni kuitoa?"

"Sitaitoa."

Loise akapumua. "Pete imetoka katika dhahabu yangu. Nitasimama Agosti." Kisha akamgeukia Silvanus, kwa mara ya kwanza tangu kisanduku kifunguliwe. "Lakini wewe hutamleta binti huyu mbele ya kanisa. Atasimama naye mama yake. Wewe utaketi nyuma na wageni, na mikono yako uiweke mahali nitakapoiona."

Ikawa hivyo. Siku ya harusi padre alihangaika na kidole cha pete, akatoka jasho, mpaka Elsie akamnyooshea kidole kidogo na kumnong'oneza. Padre akakubali, alikuwa na harusi nyingine mbili. Elsie akatoka mlangoni na pete yake, na Loise nyuma yake analia kwa sauti bila aibu, na Silvanus katika benchi la mwisho, mikono juu ya magoti kama mtoto wa shule ya vidudu.

Ningependa kusema alijifunza. Watu wanapenda hadithi ya mtu aliyejifunza. Lakini wasichana wa shamba la mkonge walikuwa wamekuja harusini, wakaona bibi harusi wa mwalimu amevaa pete kidole kidogo, wakaamua huo ndio mtindo. Wiki haijaisha wakaanza kubisha mlango. Na Silvanus, badala ya kujificha chini ya ile meza, akawaambia, "Mmeiona? Ile nilibuni mimi. Ni mtindo wa Mombasa. Nilipata taabu sana na ile dhahabu, ilinilazimu niipunguze."

Pete za kidole kidogo zilikula shaba kidogo kuliko nyingine, kwa hiyo zilimfaa. Alizitengeneza kwa dazeni. Zilipozidi mahitaji ya Voi akaanza kuziuza stesheni, amezipanga kwenye fimbo, anakimbia kando ya mabehewa wakati treni inasimama.

Mwaka uliofuata Timotheo alihamishiwa shule moja ya Mboghoni, upande wa Taveta, na siku waliyosafiri nilikuwa pale stesheni nikiwasindikiza. Mutindi alikuwa amekwisha kuwaaga, amesimama kando na kikapu. Treni ilikuwa haijaondoka. Silvanus alikuja mbio kutoka mabehewa ya nyuma na fimbo yake, anaita, "Pete ya bibi harusi! Pete ya kidole kidogo! Dhahabu, mama, dhahabu tupu!" Mama mmoja mnene akamnyooshea mkono dirishani, akachukua moja, akaigeuza.

"Kweli ni dhahabu hii?"

"Uliza yeyote hapa," alisema Silvanus, na hapo ndipo akaona aliyeketi karibu na yule mama ni binti yake, mkono wake dirishani. Unafikiri alinyamaza? Alitabasamu. "Muulize huyu bibi. Anayo kama hiyo, tazama kidole chake."

Yule mama akamgeukia Elsie. "Ni nzuri, mwanangu?"

Elsie alimtazama baba yake, kisha fimbo, kisha ile pete mkononi mwa yule mama.

"Inang'aa," alisema. "Ila ukipika, mama, uiache mbali na jiko."

Filimbi ikalia. Silvanus akakimbia kando ya dirisha, mkono wazi, na yule mama akamtupia pesa zake, akaivaa.